Dog, log na grog hawana baba mmoja

Barua zenu zimefika, aksanti sana kwa wote. Mwezi huu karibu nusu ya barua ni juu ya kiingereza na sishangai, hapa Goma toka pale Signers utembee tu mpaka Birere uhesabu vibao vya kufundisha anglais kwa miezi tatu, utachoka kuhesabu. Namba iliyopita tulitaja swali la mwanafunzi mmoja bila kulijibu, nafasi ilikuwa imeisha, na kumbe lile swali lilifungua mlango, wengine wakaingia nyuma yake na maswali yao ya mkia uleule. Basi leo methali zitangoja, tunapiga maneno ya kiingereza yanayoisha na -og tu.

Barua yenyewe hii hapa. "Mwalimu, miye ni mwanafunzi wa Himbi. Mwalimu wetu wa anglais aliandika kwa tablo dog, frog, hog, log, fog, bog, akasema tuzishike pamoja kwa kichwa juu zote zinaisha na -og, ni famiye moja, sawa vile kwa kifaransa maneno ya -tion. Miye nikakubali, rafiki yangu akakatala, tukabishana mpaka tukaekeana fanta. Nani analipa?"

Wewe njo unalipa, mdogo wangu.

Kuzishika pamoja kwa kichwa hakuna ubaya, hata watoto wa kwao njo wanafundishwa hivyo, wanaimba imba tu mpaka zinaingia. Ila famiye, hapana. Ile -tion ni kipande cha kweli, kilitoka kwa kilatini na kina kazi yake, unakibandika kwa kitendo unapata jina la kitendo, kwa hiyo maneno yote ya -tion yamebeba kipande kimoja kweli kweli. Lakini -og haina kazi yoyote, ni sauti tu ya mwisho. Chukua ndizi na mwizi, si yanaisha sawasawa? Lini umesikia mtu anasema ndizi ni shangazi yake mwizi? Hivyohivyo bog ilitoka Irlandi, grog ilitoka kwa koti la mzee mmoja (tutafika), na blog imezaliwa juzi tu 1999 kwa utani. Kila mmoja aliingia kwa mlango wake, walikutana tu ndani ya nyumba.

Tuanze na mbwa juu yeye njo mwenye utata. Kiingereza cha zamani, kile cha miaka elfu moja iliyopita, mbwa alikuwa hund, sawa na wajerumani wanavyosema Hund mpaka leo, waholanzi hond, waswidi hund, hilo njo lilikuwa jina la kawaida la mbwa yeyote. Kandokando yake kulikuwa kineno kingine docga, unakikuta kwa maandishi mara chache sana, halafu polepole, karne kwa karne, kikanenepa, mpaka miaka ya 1500 huko kikamfukuza mwenye nyumba. Hund akabaki hound, akapewa kazi moja tu ya kuwinda. Sasa docga yenyewe ilitoka wapi? Hapo wenye kamusi wote wananyosha mikono. Hana ndugu kwa kijerumani, hana kwa kilatini, hana kwa kigiriki. Ukiona wafaransa wanasema dogue na wajerumani Dogge, usidanganyike, ni wao walikopa kwa mwingereza, hata bouledogue ni bulldog aliyevuka mtoni akabadilisha nguo. Na kitu ambacho kila mara kinanichekesha, waspanyola nao mbwa wao anaitwa perro, na perro naye asili yake haijulikani, naye alifukuza neno la kilatini la zamani! Mbwa, yule analala mlangoni kwako kila siku, njo huyo hana karatasi.

Lakini rafiki yako asicheke sana, juu kuna kitu kidogo ndani ya ile tablo ya mwalimu. Angalia haya maneno ya zamani: docga, frogga ambaye leo ni frog yaani chura, hogg ambaye leo ni hog yaani nguruwe, halafu picga leo pig, stagga leo stag yaani kulungu dume, na wicga, mdudu aliyejificha ndani ya neno earwig. Unaona? Wote viumbe, na wote wanaishia palepale kwa g nzito. Wengi wanaochunguza haya mambo wanaona yalikuwa maneno ya mdomoni, ya nyumbani, ya watoto na wachungaji, kama vile sisi tunaita paka nyau, na kwa sababu enzi zile kuandika ilikuwa kazi ya watu wa monasteri, maneno ya namna ile hayakupata nafasi kwa vitabu haraka. Kwa hiyo dog, frog na hog si ndugu wa damu lakini nguo zao zilishonwa na fundi mmoja. Mwambie rafiki yako akurudishie kidogo kwa chupa.

Na kabla sijasahau, huyo hog. Zamani alikuwa nguruwe dume aliyehasiwa, sawa, lakini mpaka leo wafugaji wa Uingereza wanamwita hogg hata kondoo mchanga ambaye hajanyolewa manyoya mara ya kwanza. Kondoo! Na chura alikuwa na jina lingine, frosc, yule ni Frosch wa wajerumani, akafa, frogga akabaki na bwawa lake.

Swali la pili linatoka kwa papa mwenye depo ya bia Birere. "Mukubwa, kila tukisikiliza boxe kwa redio, mwenye kutangaza anasema fulani ni groggy. Mutoto wangu anasema ile ni neno ya pombe. Sasa boxeur alikunywa saa ngapi?"

Mtoto iko na haki, papa, muongezee sukari kwa chai. Kulikuwa na admirali wa Uingereza, Edward Vernon, alikuwa anaongoza meli za vita huko Karibi. Alipenda kuvaa koti la kitambaa kinaitwa grogram, na hapa sisi tuliosoma kifaransa tunasikia palepale, ni gros grain, kitambaa cha nyuzi nene, waingereza walikisikia vibaya wakakiandika vibaya zaidi. Mabaharia wakamchapa jina la utani kwa sababu ya koti, Old Grog, mzee Grog. Sasa kila baharia alikuwa anapewa rum kila siku, ile kali yenyewe, karibu robo lita, na wengi walikuwa wanaipiga mara moja halafu wanaanguka toka juu ya mlingoti ama wanapigana. Tarehe 21 mwezi wa nane 1740 mzee Vernon akatoa amri, rum ichanganywe na maji, sehemu nne za maji kwa moja ya rum, tena igawiwe mara mbili kwa siku, wazi, mbele ya ofisa. Unaweza kujiwazia furaha ya mabaharia. Ile pombe ya maji maji wakaipa jina lake, grog, kumkomesha.

Kutoka grog ikatoka groggy, kwanza mlevi, baadaye mtu yeyote anayeyumba, na boxeur akipigwa vizuri kwa taya anatembea sawasawa na yule anayetoka kwako saa tano usiku. Njo vile ilifika kwa redio. Mgao wenyewe uliendelea, papa, mpaka tarehe 31 mwezi wa saba 1970, hesabu mwenyewe, miaka 230 jeshi la majini linagawa pombe iliyotiwa maji na hakuna aliyefunga depo. Wewe ukitia maji kwa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, siku moja tu, watu wa Birere hawatakupa jina la utani, watakupa kitu kingine.

Kipande kidogo tena juu ya Vernon halafu namuacha. Askari mmoja toka Amerika aliyetumika chini yake, Lawrence Washington, alimpenda sana mkubwa wake mpaka akarudi nyumbani akaita shamba lake Mount Vernon. Huyo Lawrence alikuwa na mdogo wake wa baba mmoja, George, ambaye alirithi lile shamba na akawa raisi wa kwanza wa Marekani. Kwa hiyo jina la mtu aliyeharibu rum ya watu liko mpaka leo kwa nyumba ya raisi yule.

Dada mmoja wa Majengo, mwenye sekretaria ya kupiga mafotokopi na intaneti, ameandika hivi: "Yaya, miye kila siku nasema kwa bakliyani log in, log out, bisha log in tena. Juzi nikafungua diksionere nikakuta log ni gogo ya muti. Sasa kila siku banaingia ndani ya gogo namna gani?"

Dada, hili swali nimelipenda kuliko yote, hata ungelipa ningelijibu bure. Jibu ni kwamba ndiyo, wanaingia ndani ya gogo, ni lilelile.

Jiweke ndani ya meli katikati ya bahari miaka ya 1500. Hakuna njia, hakuna mti pembeni, hakuna mlima kama sisi tunavyoona Nyiragongo toka ziwani tukajua tumebakiza kiasi gani kufika, kuna maji tu mbele na nyuma. Utajuaje meli inaenda mbio kiasi gani? Wakatafuta akili: chukua kipande cha gogo, kifunge kwa kamba ndefu, kitupe majini upande wa nyuma. Mti unabaki palepale umeelea, meli inaenda zake, kamba inajifungua inatoka. Baadaye wakaweka mafundo kwa ile kamba, fundo kila karibu mita 14 na kidogo, na mtu mmoja anashika chupa ya mchanga inayoisha kwa sekunde 28. Mchanga ukiisha unashika kamba, unahesabu mafundo mangapi yamekupita mkononi, hiyo njo mbio ya meli. Mwingereza William Bourne alieleza kutupa gogo kwa maandishi tangu 1574. Na mpaka leo kapiteni wa boti, hata wa kwetu wa Goma na Bukavu, akisema nœuds anasema mafundo ya ile kamba, fundo moja ni mita 1852 kwa saa, ijapokuwa kamba yenyewe hajawahi kuigusa.

Sasa zile hesabu za gogo lazima ziandikwe, saa hii mafundo matano, saa ile sita, upepo umetoka huku. Kaye ya kuandikia ikaitwa kitabu cha gogo, log-book, halafu midomo ikachoka ikakata ikabaki log peke yake, na maana ikahama toka kwa mti ikaenda kwa maandishi. Miaka ya 1960 ordinateri zilipokuwa kubwa kama chumba na watu wengi wanatumia moja, mashine ilibidi iweke kaye yake, nani ameingia, saa ngapi, ametoka lini. Log in maana yake ni jiandikishe kwa kaye uingie. Ni sawasawa kabisa na yule sentineli kwa mlango wa biro ya watu wa misaada, anakupa kaye na bik iliyofungwa kamba, andika jina, namba ya karte, saa ya kuingia, na ukitoka usisahau kutia sinyatire. Hata kamba iko! (Utani tu, ile ya sentineli ni juu bik zinaibiwa.)

Halafu njo blog. Mwisho wa 1997 mmarekani mmoja Jorn Barger, aliyekuwa anaandika kwa intaneti orodha ya vitu alivyosoma kila siku, akaita kazi yake weblog, kaye ya kwenye mtandao. 1999 mwenzake Peter Merholz akaandika kwa ukurasa wake, kwa utani, kwamba yeye ataikata pengine, si web na log bali we na blog, yaani sisi tuna-blog. Alikata mahali pabaya makusudi. Ile b ya blog ni ya web, imeng'olewa kwa jirani ikashonewa kwa gogo. Mnacheka wenye kiingereza lakini na sisi tulifanya hivyo zamani bila utani wowote, mwarabu alituletea kitab, hakuna ki- ya kwetu pale ndani, sisi tukaona ki- tukasema haya basi wingi ni vitabu. Mwarabu akisikia vitabu anashika kichwa. Ila sisi hatukugeuka na wao hawakugeuka, kamusi ya Merriam-Webster iliitangaza blog kuwa neno la mwaka 2004, na sasa wamechukua hiyo hiyo b wakaweka v ya video, vlog, vijana wa TikTok wanaijua kuliko mie. Gogo lilelile, dada. Wakliyani wako wanaingia ndani yake na wanalipa kwa dakika.

Mama mmoja wa Ndosho anauliza kitu cha hapahapa. Mtoto wake wa sixième alikuta neno smog kwa kitabu, mama akamwambia ni ule moshi wa Nyiragongo unaoshuka asubuhi na majivu mpaka nguo kwa kamba zinachafuka. Anaogopa amemdanganya.

Umekosa kidogo tu, mama. Smog ni maneno mawili yaliyogongana, smoke moshi na fog ukungu, na aliyelisambaza ni daktari Henry Antoine Des Voeux wa London mwaka 1905, wakati kila nyumba pale ilikuwa inachoma makaa ya mawe na ukungu ukishuka moshi hauna pa kwenda. Mbaya kuliko yote ilikuwa mwezi wa 12 mwaka 1952, siku tano London haikuona mbele, bus zilitanguliwa na mtu anayetembea na taa, na hesabu ya kwanza ilikuwa wafu 4000. Ilibidi mpaka 1956 ndipo sheria ya hewa safi ikatoka.

Ya kwetu si ya makaa ya mawe, ni gazi ya volkano, ile ya kiberiti inayokwaruza koo na kufanya mvua inakula mabati. Na watu wa Hawaii wenye volkano yao Kilauea, wanakaa na shida ileile, wao wameipa jina lake, vog, wamechukua smog wakang'oa kichwa wakaweka v ya volkano. Kwa hiyo ukitaka kumrekebisha mtoto mwambie vog, mwalimu wake hatalijua na mtoto atafurahi. Na umwambie kitu kingine: kuna gazi nyingine ya hapa kwetu, ile nzito isiyo na rangi inayolala kwa mashimo na mabonde chini ya hewa, mbuzi anaingia kula majani hatoki, na mtu vilevile. Sisi tunaita mazuku. Wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanaandika kwa kiingereza chao mazuku, hivyohivyo, m-a-z-u-k-u, hawakutafuta la kwao. Mara moja wao njo wamekopa.

Haraka haraka sasa juu nafasi inaisha. Fundi wa chukudu, zile baiskeli zetu za mti za kubeba mizigo, wa Mabanga anauliza cog ni nini: ni jino la gurudumu la mashine, neno limetoka upande wa waskandinavia, chukudu yako haina hata moja, lala salama. Clog ilikuwa kipande cha mti unachofunga kwa mguu wa mnyama asitoroke, kama wanavyofanya mbuzi msumbufu, toka hapo ikawa kuzuia, mtaro ukiziba waingereza wanasema ume-clog, na kiatu cha mti nacho kikachukua jina. Bog ni mahali pa maji maji unapozama mguu, kutoka kiirlandi ambako bog maana yake laini tu, na vijana wa Uingereza wanaita hivyo choo, kwa hiyo usiliseme kwa interview.

Barua ya mwisho ni ya mzee wa Katindo, ameandika kwa mkono, karatasi mbili. Kwa kifupi anasema: "Log na gogo ni neno moya, sikiliza mwenyewe, bazungu balikuta gogo kwetu bakakata mbele na nyuma." Mzee wangu, nakuheshimu na mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu, lakini log iko ndani ya kiingereza tangu miaka ya 1300, wakati ule hakuna hata meli moja ya mwingereza ilikuwa imefika pwani ya Afrika mashariki. Gogo letu ni letu na log yao ni yao, wamefanana kama ndizi na yule mwizi.

Ila usikasirike, gogo moja lipo kweli ndani ya kiingereza, na sisi wakongomani tunalijua kuliko wao. Zamani kwa kifaransa gogue ilikuwa utani, furaha, kuchezacheza, na kutoka hapo njo tunasema à gogo, kitu kipo tele mpaka kimwagike. Waingereza nao, wanaofuata asili ya maneno wanaona walisikia kwa wafaransa en gogues, wakafanya agog, yaani mtu aliyesimama macho wazi, mwili unawasha kwa hamu ya kitu. Ukitaka kumwona mtu wa namna hiyo, mzee, pita jumamosi jioni pale Birere kwa depo ya yule papa wa swali la pili, juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu bière à gogo, na chini ya kibao kuna watu wamesimama, bei hawajauliza bado.